Kipupwe, Mawe na Shela: Picha za Harusi za Singida Zisizohitaji Theluji

Picha za harusi za kipupwe ni zile zinazopigwa nje katika miezi ya baridi, maharusi wakiwa wametoka kanisani, msikitini au bomani na bado hawajaingia ukumbini. Ulaya na Amerika ya Kaskazini miezi hiyo ni Desemba hadi Februari, na pambo lake kuu ni theluji. Mkoani Singida, katikati ya Tanzania, kipupwe huanza Juni na kumalizika Agosti. Theluji haipo. Kilichopo ni upepo usiochoka, anga kavu, nyasi zilizogeuka rangi ya dhahabu, maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini, na mawe makubwa ya granaiti yaliyopandana hadi mitaani. Mpigapicha anayevijua vitu hivyo anaweza kutoa picha zenye mvuto uleule ambao maharusi wengi huutamani wanapoona picha za theluji kwenye simu zao.

Theluji ina nini?

Katika Tanzania nzima theluji ya kudumu iko mahali pamoja tu, kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Hata huko barafu ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007. Kwa hiyo picha ya harusi yenye theluji, kwa Mtanzania wa kawaida, ni picha ya ugenini. Ni ya ndugu aliyefunga ndoa Minnesota, Toronto au Stockholm, au ni ya pazia la studio. Kwa miaka mingi studio za mijini zilitundika nyuma ya mteja mapazia yenye maporomoko ya maji, maghorofa, ndege na milima yenye vilele vyeupe, na mabango ya namna hiyo yakapamba sebule nyingi.

Mvuto wa theluji una sababu zinazoelezeka. Ya kwanza ni mwanga wa kutoka chini. Theluji mpya hurudisha juu asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, wakati nyasi hurudisha robo au pungufu. Ardhi yote inageuka taa. Kivuli cha chini ya macho na kidevu kinafifia, na macho yanang'aa.

Sababu ya pili ni jua la chini. Tarehe 21 Desemba jua la adhuhuri jijini London hufika nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na Stockholm nyuzi 7. Mwanga huja kwa ubavu kutwa nzima, ukiwa laini na wa manjano, na hauchomi nyuso.

Ya tatu ni utulivu wa mandhari. Theluji hufunika matope, taka na majani makavu, ikabaki rangi moja, na wenye rangi pichani ni watu wawili peke yao. Ya nne ni baridi yenyewe: maharusi hukumbatiana kwa sababu wanaihisi, na hakuna anayehitaji kuambiwa amsogelee mwenzake.

Mwanga wa kutoka chini, jua la ubavuni, mandhari tulivu na baridi inayowasogeza watu: hayo manne ndiyo yanayozipa picha za theluji mvuto. Yote yanapatikana Singida katika kipupwe, ila yanapatikana kwa saa maalumu na mahali maalumu.

Gauni jeupe na kamera

Desturi ya gauni jeupe na ufundi wa kamera zilizaliwa karibu kwa wakati mmoja. Upigaji picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Februari 1840, katikati ya majira ya baridi, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Prince Albert akiwa amevaa gauni jeupe. Gauni hilo ndilo lililosukuma weupe kuwa rangi ya bibi harusi katika nchi za Magharibi, na baadaye makanisa ya kimisheni yakaifikisha desturi hiyo Afrika Mashariki.

Katika pwani ya Waswahili picha za kumbukumbu zilianza studioni. Zanzibar ilikuwa na wapigapicha wa biashara tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930, ilipiga picha za vizazi kadhaa vya familia za visiwani. Lamu, Studio ya Bakor ilisifika kwa kuunganisha picha ya mtu na mandhari ya kubuni. Huko bara, mikoani, harusi za enzi za filamu zilitegemea mkanda wa picha 24 au 36, ambao ulipelekwa mjini kusafishwa. Mpigapicha alipima kila picha: picha ya kanisani, ya keki, ya wazazi, ya wasimamizi, basi. Kutumia picha kumi juu ya jiwe kando ya ziwa kungekuwa ubadhirifu.

Kamera za dijitali ndizo zilizofungua mlango wa nje. Picha haikuwa na gharama tena kila kidole kinapobonyeza, na maharusi wakaanza kutenga muda kati ya ibada na ukumbi kwa ajili ya picha za mandhari. Baadaye zikaja picha za kabla ya harusi, zinazotumika kwenye kadi za michango na za mwaliko na kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati.

Kalenda ya mvua, mavuno na ndoa

Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Kiasi chake ni milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na baada ya hapo ni ukavu mtupu hadi mvua nyingine. Joto hushuka hadi karibu nyuzi 15 za Selsiasi Julai na kupanda hadi karibu 30 Oktoba. Kalenda hii ndiyo inayoamua picha ya harusi itakuwa na rangi gani.

Mkoa unajulikana nchini kwa alizeti. Mbegu hupandwa Desemba na Januari, na maua hufunguka takriban miezi miwili baadaye, hivyo mashamba yanakuwa ya manjano kati ya mwishoni mwa Februari na Aprili. Hiyo ndiyo mandhari ambayo wageni huitegemea wakisikia jina la Singida, lakini harusi katika miezi hiyo ni chache. Kwaresma hukata ndoa za Wakatoliki na Walutheri wengi kati ya Februari na Aprili, na katika miaka ya karibuni Ramadhani nayo imeangukia hapohapo, ikianza Machi mwaka 2024 na 2025. Juu ya hayo barabara za vijijini zina tope, na mkulima hana fedha mkononi.

Mambo hubadilika kuanzia Mei. Alizeti inavunwa na kupelekwa viwandani kukamuliwa mafuta, vitunguu vinauzwa, kuku wa kienyeji wanasafirishwa kwenda mijini. Kamati za harusi zinaanza kukusanya michango, na kumbi zinajaa Jumamosi baada ya Jumamosi. Ndiyo maana harusi nyingi za Singida huangukia kipupwe na kiangazi, wakati mashamba yamebaki mabua. Maharusi wanaotaka maua ya alizeti hawana budi kupiga picha zao Machi, miezi mitatu au minne kabla ya ndoa.

Ukavu una mandhari yake. Juni nyasi zinakuwa na rangi ya dhahabu. Mibuyu inapukutisha majani na kubaki mikono mitupu kuelekea mbinguni, kama miti ya Ulaya wakati wa baridi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, katika misitu ya miombo ya Manyoni na Itigi, majani machanga hutoka na rangi nyekundu na ya shaba hata kabla ya tone la kwanza la mvua. Ni majuma machache tu, na wapigapicha wengi hawayafikii.

Saa ya jua

Mji wa Singida uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita na nusu mchana linakuwa utosini kabisa. Kivuli cha mtu kinakusanyika miguuni, macho yanageuka mashimo meusi, na paji la uso na pua vinawaka. Mwanzoni mwa Julai hali ni nafuu: jua la mchana hufika nyuzi 62, likiwa limeinamia kaskazini. Bado ni kali, lakini kivuli kipo, na mtu aliyegeuzia kaskazini mgongo anapata mwanga wa nywele na mabega bila kukunja uso.

Faida kubwa iko jioni. Mwanzoni mwa Julai jua la Singida huzama karibu saa 12:40. Saa 11:30 linakuwa nyuzi 15 juu ya upeo, sawasawa na jua la adhuhuri la London mwishoni mwa Desemba. Saa 12:00 linakuwa nyuzi 8, karibu na lile la Stockholm. Kwa maneno mengine, mwanga ambao maharusi wa Ulaya wanaupata mchana kutwa wakiwa kwenye theluji unafika Singida kila siku ya kipupwe, na unakaa kwa zaidi ya saa moja. Baada ya jua kuzama kuna dakika nyingine kama 20 za mwanga wa buluu, laini kabisa, unaofaa picha za maharusi wakiwa vivuli mbele ya anga. Kisha giza huingia bila kubisha hodi, tofauti na kaskazini ya dunia ambako magharibi hujikokota.

Asubuhi ina saa kama hiyo. Jua huchomoza karibu saa 12:50 na kufikia nyuzi 15 karibu saa 2:00. Ni saa nzuri kwa picha za kabla ya harusi. Siku ya ndoa yenyewe haifai, kwa kuwa bibi harusi yuko saluni.

Vumbi lililo angani wakati wa ukavu nalo lina kazi. Jua linapokuwa chini, miale yake hupita katika tabaka nene la hewa yenye vumbi, buluu ikatawanyika njiani na wekundu ukabaki. Machweo ya Julai hadi Septemba kwa hiyo huwa mekundu kuliko ya msimu wa mvua, ambapo hewa imesafishwa na mawingu mara nyingi huziba upeo.

Ziwa, jiwe na shamba

Ziwa Singidani ndilo mahali panapopendwa zaidi na misafara ya harusi mjini. Maji yake ni ya chumvi, hayana kina kirefu, na kingo husogea mbele na nyuma kulingana na mvua za mwaka. Maji yakipungua huacha ukingo mpana wenye rangi ya kufifia, na hapo ndipo theluji inapopata ndugu: ardhi nyeupe kiasi na maji yanayometameta hurudisha mwanga usoni kutoka chini. Kwa jua kuzama nyuma ya maji, maharusi husimama ukingo wa mashariki wakiwa wamelipa ziwa kisogo. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, huonekana ziwani kwa vipindi. Wakiwepo hupigwa kwa lenzi ndefu wakiwa mbali nyuma ya maharusi. Kuwatimua ili waruke ni usumbufu kwa ndege na aghalabu humpa mpigapicha migongo yao tu.

Hatari ya ukingo ni tope. Juu linaonekana kavu, chini ni laini na jeusi. Gauni la kukodi likiingia humo, gharama ya kulisafisha ni ya aliyelikodi. Wasimamizi waliozoea huja na kitenge cha zamani. Hukitandaza chini, bibi harusi akasimama juu yake, kisha gauni likamwagwa kukifunika pande zote. Pichani kitenge hakionekani.

Mawe ya granaiti ndiyo hazina yenye matumizi mengi zaidi. Ni sehemu ya mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Yameliwa na joto, baridi na mvua hadi yakabaki mabonge ya mviringo yaliyobebana. Kwa mpigapicha yana kazi tatu. Ni ukuta wa kuzuia upepo. Ni kivuli cha wazi mchana, maana jiwe refu hufunika watu wawili huku anga ya mbele ikiwamulika kwa upole. Tena ni mandhari tulivu, ya kijivu na waridi, isiyogombana na gauni wala vazi la wasimamizi. Jambo la nne ni la kiufundi na litaelezwa mbele: ujivu wa mawe hayo unakaribia ule ambao kamera imefundishwa kuutegemea.

Mawe mengi yako ndani ya makazi ya watu au mashambani. Wenyeji huyaanikia nafaka, na mengine yana heshima ya kimila. Kuomba ruhusa kwa mwenye eneo au mwenyekiti wa mtaa ni sehemu ya kazi, na mara nyingi ombi hilo huzaa watazamaji wanaopiga vigelegele badala ya ugomvi.

Kwa picha za alizeti, kanuni ni moja. Ua lililokomaa halizungukii jua tena, hubaki limeelekea mashariki. Mpigapicha anayesimama upande wa mashariki wa shamba anaona nyuso za maua saa zote. Asubuhi jua liko mgongoni mwake na rangi ni kali. Jioni jua liko mbele yake, petali zinawaka kama taa, na nywele za maharusi zinapata ukingo wa dhahabu. Maharusi hupitishwa kati ya mistari, si juu ya mimea, na mwenye shamba huambiwa kabla.

Nje ya mji kuna mandhari zisizozoeleka: Ziwa Kitangiri na mteremko wa Sekenke upande wa Iramba, boma la Wajerumani huko Mkalama, na Kilimatinde wilayani Manyoni, ambako ukingo wa Bonde la Ufa unaangalia tambarare ya Bahi. Hizo zinafaa siku nyingine isiyo ya harusi, kwa kuwa umbali hula jioni yote.

Upepo na vumbi

Upepo wa Singida hauhitaji kusimuliwa kwa wenyeji. Vipimo vilivyochukuliwa Kititimo, karibu na mji, kwa ajili ya mipango ya umeme wa upepo vilionyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 35 kwa saa, kiwango cha juu miongoni mwa maeneo yaliyopimwa nchini. Katika harusi upepo huo hufanya mambo mawili: huharibu kilichopangwa na huleta ambacho mtu hawezi kukipanga.

Shela ndefu ndiyo ya kwanza kuathirika. Bibi harusi akiupa upepo mgongo, shela humfunika uso na kumvuta nywele zilizokaa saluni tangu alfajiri. Akigeuka na kuukabili, shela hiyohiyo hunyooka nyuma yake mita mbili au tatu, na picha imepatikana bila msaidizi. Akiuweka ubavuni, gauni hujaa upande mmoja na bwana harusi husimama upande wa pili kuukinga. Hapo ndipo maharusi wa Singida wanapopata kile wanachopata wenzao kwenye theluji. Baridi ya jioni ya Julai ikipulizwa na upepo hupenya hariri, na koti la bwana harusi huishia mabegani mwa mkewe. Mpigapicha mzuri hunyamaza wakati huo na kubonyeza.

Vifaa vinahitaji tahadhari. Mwavuli wa taa na riflekta hugeuka tanga. Stendi hufungwa mifuko ya mchanga, au riflekta huachwa kabisa na ukingo wa ziwa ukafanya kazi yake. Lenzi hazibadilishwi mahali pa wazi. Punje moja ya vumbi ikitua kwenye kipokea-mwanga ndani ya kamera huonekana kama doa katika kila picha yenye anga, na doa hilo hurudiwa mara mia tano kabla ya kugunduliwa. Waliozoea hutembea na kamera mbili, moja na lenzi pana na nyingine na lenzi ndefu, au hubadilisha ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa. Jioni kamera hupulizwa kwa pampu ya mkono kabla ya kufutwa, kwa kuwa kitambaa kikipita juu ya mchanga hukwaruza kioo.

Gauni jeupe, suti nyeusi, rangi ya ngozi

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba dunia, ikichanganywa pamoja, ni ya kijivu cha wastani kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikitazama theluji hudhani kuna mwanga kupita kiasi na kuupunguza, theluji ikatoka ya kijivu. Ndiyo maana wapigapicha wa nchi za baridi huongeza mwanga kwa hatua moja hadi mbili, kila hatua ikiwa ni kuzidisha mara mbili.

Gauni jeupe likijaza picha huleta tatizo lilelile hata palipo na joto, tena kwa uzito zaidi kwa sababu wanaopunguziwa mwanga ni watu wenye ngozi nyeusi. Gauni hubaki na umbo lake, lakini uso wa bibi harusi hupotelea gizani. Suti nyeusi ya bwana harusi huleta kinyume chake: kamera huongeza mwanga, gauni likaungua na kuwa weupe usio na nyuzi wala shanga. Hapo ndipo jiwe la granaiti linapookoa. Likijaza sehemu kubwa ya picha, kipima mwanga husoma kitu kinachokaribia kijivu chake, na vipimo vinatoka karibu na ukweli.

Ugumu huu una historia. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi za mfano zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikatoka bila undani. Kamera za sasa zina uwezo mkubwa zaidi, lakini uamuzi bado ni wa aliyeishika. Kanuni inayofaa Singida ni kupima mwanga kwenye uso wa bibi harusi, kisha kuhakikisha gauni halijaungua. Vyote viwili visipowezekana, wahamishwe kivulini au isubiriwe jioni. Faili ghafi huhifadhi undani mwingi zaidi kuliko JPEG, na huruhusu gauni kurudishwa kidogo wakati wa kuhariri. Kuhariri huko kuna mpaka. Kumng'arisha bibi harusi hadi shangazi zake wasimtambue ni kosa la ufundi na ni kosa la adabu.

Siku yenyewe

Ratiba ya harusi ndiyo adui mkubwa wa mwanga. Ibada iliyopangwa saa 7 mchana huanza saa 8. Inafuata picha ya ukoo mlangoni mwa kanisa, kila tumbo likitaka yake. Kisha msafara wa magari unazunguka mji, matarumbeta yakiwa kwenye gari la wazi mbele. Unapofika ziwani ni saa 12 kasoro robo, na MC anapiga simu kuuliza maharusi wako wapi. Sehemu ya saa ya dhahabu ya jioni imeishia barabarani.

Kamati inayojali picha hupanga kinyumenyume. Jua linazama saa 12:40, basi maharusi wawe ziwani au kwenye mawe saa 11:15. Msafara uondoke kanisani saa 10:30, picha za ukoo ziwe zimekwisha, na orodha yake awe nayo mjomba mwenye sauti. Wanaokwenda kwenye picha ni wa magari mawili tu: maharusi na wasimamizi, mpigapicha na msaidizi. Wengine hutangulia ukumbini, na MC huwatumbuiza wageni hadi saa moja usiku. Mwenye viatu vya visigino hupewa kandambili za kupandia jiwe, na kanga huwekwa garini kwa ajili ya baridi.

Ratiba hiyo inaipa nafasi picha moja ambayo Singida inaifanya vizuri kuliko miji mingi. Bibi harusi husimama juu ya jiwe pana, uso kwa upepo. Msaidizi huinama nyuma yake, hukusanya mkia wa gauni kwa mikono miwili, huurusha juu na kukimbilia nyuma ya jiwe. Kwa sekunde mbili kitambaa kiko hewani na mtu hayuko pichani. Kamera iliyowekwa kasi ya 1/1000 ya sekunde hukamata kila mkunjo, jua la saa 12 likipenya ndani yake.

Makubaliano na sheria

Kazi ya picha huanza kwa maandishi. Mkataba mfupi hutaja saa za kazi, mahali, idadi ya picha zilizohaririwa, albamu, video, tarehe ya kukabidhi na mgawanyo wa malipo, kwa kawaida sehemu moja ya kutangulizia na nyingine kabla ya kukabidhiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla, na siku hizo zinatosha kukagua mahali pa picha na kukamilisha mkataba.

Matumizi ya picha baada ya harusi nayo huandikwa. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mtu anayetambulika kwa taarifa zake, sura yake ikiwemo. Mpigapicha anayetaka kutangaza biashara yake kwa nyuso za maharusi aombe ridhaa yao, na maharusi wana haki ya kukataa.

Droni huhitaji kusajiliwa na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mji wa Singida una uwanja wa ndege unaopaswa kuheshimiwa. Zaidi ya sheria kuna upepo. Droni nyingi ndogo zimetengenezwa kuhimili takriban mita 10 kwa sekunde, na hicho ndicho kiwango kilichopimwa Kititimo kama wastani. Kwa hiyo siku nyingi za kipupwe, droni kubaki kwenye mkoba ni uamuzi wa busara.

Baada ya kazi, picha hunakiliwa mahali pasipopungua pawili usiku uleule, kabla kadi haijafutwa. Simu hupotea, diski huharibika, na ndoa hairudiwi kwa ajili ya picha. Albamu iliyochapishwa bado ndiyo hifadhi inayodumu zaidi katika nyumba nyingi, na bibi huifungua bila kuuliza neno la siri.

Mcheza kwao hutunzwa, nao ufundi huu unaheshimu kanuni hiyo. Maharusi wa Singida wanaopanga harusi ya kipupwe wamwombe mpigapicha mambo matatu: afike mahali pa picha siku moja kabla, kwa saa ileile, apime mwanga kwa uso wa bibi harusi, na aandike kwenye ratiba ya kamati kwamba saa 11:15 hadi saa 1 kasoro dakika tano ni yake. Kamati ikikubali hilo la mwisho, mengine yote yanawezekana.